Veterineri na Nyonga za Karani

Mjini Gisenyi hakuna aliyemwita kwa jina. Ng'ombe wakiugua kule Mudende, watu walishuka wakiuliza, "Veterineri iko?" Mbuzi akivimba tumbo Bugeshi, ni Veterineri. Hata padri, ambaye majina yetu yote alikuwa nayo kwenye daftari la ubatizo, alimwita Veterineri. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta, duka langu la dawa za watu upande huu, ofisi yake ya dawa za mifugo upande ule, na jina lake nililiona mara moja tu juu ya bahasha. Sitaliandika. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, waulizeni wengine. Miaka ile ya baada ya vita kumuuliza mtu alikotoka hakukuwa adabu, na mie mwenyewe sikupenda kuulizwa.

Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu na buti za mpira. Buti hizo alizivaa mpaka kanisani, suruali ya suti ikiwa imechomekwa ndani, na hakuna mtu aliyethubutu kumcheka mbele yake. Alinuka kreso ile ya kuulia kupe. Nilimwambia wazi kwamba wateja wangu wanadhani dawa zangu zimeoza. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha upande wa Goma, "Mama Dawa, wateja yako wanakuyaka na malaria. Pua yao haifanye kazi." Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi nilitoka Karagwe na Kiswahili changu cha Tanzania na mdomo wangu mrefu, yeye na ukaidi wake, na ukuta katikati ulikuwa mwembamba mno.

Alipoitwa kwa mgonjwa alimsalimu mnyama kwanza, mwenyewe baadaye. Anaingia boma la mtu, mwenye ng'ombe amenyosha mkono, yeye anampita moja kwa moja, anasimama mbele ya ng'ombe, anamtazama miguu kimya kwa muda mrefu. Kisha ndipo anageuka kumsalimu mwenyewe, "Bon. Mwaramutse." Wazee wa Bugeshi mwanzoni walikasirika, baadaye wakazoea, wakawa wanaweka mikono mfukoni mpaka amalize. Alikuwa akisema, "Munyama haisemake na mudomo. Inasemaka na miguu." Neno "tutaona" hakulipenda kabisa. Ukimwambia "tutaona, Veterineri," anakukata hapo hapo: "Tutafanya." Hata wakati barabara za milimani zilipokuwa mbaya kwa watu wenye bunduki, watu wakijifungia ndani kabla jua halijatua, yeye alipanda pikipiki yake kwenda juu. Nilimwambia unajitafutia kifo kwa ajili ya ndama. Akasema ng'ombe inazaa leo, haitangoja batu wapatane.

Lakini mbwa, hapana. Mbwa hakuwataka hata kuwatazama.

Na hapo hakuwa peke yake. Mbwa wangu nilitoka naye Karagwe juu ya lori. Jina lake Karani, kwa sababu alipenda kukaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia. Mume wangu ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kiganjani. Mume wangu alifia kule kule, mtoto hatukujaliwa, na mimi nikarudi na mbwa kwenye nchi ambayo wazazi wangu walikuwa wakinisimulia tu. Nilidhani ninaleta mlinzi. Nikashangaa watu wanavuka barabara. Mama mmoja mpole, muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, alikuwa akinisalimu kila asubuhi. Alipomwona Karani akaacha kupita mlangoni kwangu. Nilimfuata sokoni kumuuliza nimemkosea nini. Akaniambia taratibu, bila kuniangalia, mbwa wa mji huu walikula nini mwaka ule wa mauaji, maiti zilipokosa wa kuzizika. Basi nikaelewa kwa nini barabara nzima haikuwa na mbwa mwingine, na nikaanza kumfunga Karani nyuma ya duka.

Huko nyuma sakafu ilikuwa ya saruji, na baridi ya Gisenyi ya alfajiri unaijua ukiwa na mifupa mizee. Karani alikuwa ametimiza miaka kumi na moja. Alianza kuchelewa kuamka. Halafu akawa anaamka mbele tu, nyuma kunabaki chini, anajivuta mpaka nyonga zipate moto. Ngazi tatu za duka zikamshinda. Ukimgusa kiunoni analia, na huyo si mbwa wa kulia. Nilimwomba Veterineri aje amwone. Akasema bila kuinuka kitini, "Mi niko veterineri ya ng'ombe. Mbwa haiko kazi yangu."

Nikachemka. Nikajiambia, kwani mimi ninauza nini? Nikachukua diklofenaki, zile ninazowapa wazee wa magoti, nikavunja kidonge nusu, nikakifungia ndani ya sambaza wa kukaanga. Asubuhi nusu, jioni nusu. Siku ya pili Karani alipanda ngazi. Nilijisifu wiki nzima, nikawasimulia na wateja. Siku ya saba akatapika, na alichokitoa nyuma kilikuwa cheusi kama lami. Mimi ni mtu wa dawa. Kwa binadamu ninajua hiyo maana yake nini. Niliupiga ukuta kwa ngumi zote mbili.

Alikuja. Alisimama mlangoni, akamtazama Karani miguu, muda ule ule anaowapa ng'ombe. Kisha akaniuliza, "Ulimupatia nini?"

"Dawa ya viungo."

"Ya nani?"

Nikamwonyesha pakiti. Akaisoma mbele na nyuma. "Mama Dawa, we uko na diploma?"

"Ninayo, imetundikwa pale."

"Ya mbwa?"

Akasema tumbo la mbwa na maini yake hayabebi dawa hizo kama yetu, kwamba ambacho kwa mzee wa Kanama ni nafuu, kwa mbwa kinaweza kuwa kidonda kinachovuja damu. Akavaa glavu zake ndefu za kuzalishia ng'ombe, zinazofika begani, ndipo akamgusa. Siku nne alikuja na dawa ya tumbo na maji ya wali, akimnywesha kwa bomba la sindano kidogo kidogo. Damu ikakatika. Lakini nyonga zilibaki vile vile, na sasa sikuwa na kitu cha kumpa.

Jirani zangu walikuwa na ushauri mmoja tu. Na mimi nikachoka. Siku ya tano nilimwambia, "Mpige sindano ya mwisho apumzike. Mimi siwezi kumtazama akijivuta."

Akavua glavu polepole. "Umechoka wewe, ao imechoka mbwa?"

"Wote."

"Hapana. Mbwa inakula, inakuangalia, inatikisa mukia. Iko na maumivu, njo vile tu. Maumivu iko kazi, haiko hukumu." Akanyosha kidole. "Unipatie mwezi moja. Kama mwezi inaisha na haisimame yenyewe asubui, mi nitakuya na sindano, na sitabishana na we. Na usilie mbele yangu."

Nilikubali kwa hasira. Kwa kweli nilikuwa ninaogopa. Yule mbwa ndiye kiumbe pekee aliyebaki duniani aliyemjua mume wangu, ukiniondoa mimi.

Asubuhi iliyofuata Veterineri alimtia Karani ndani ya gunia, kichwa nje, akambeba mpaka kwa mnunuzi wa viazi, akamtundika kwenye mizani. Mnunuzi alilalamika kwamba atafukuza wateja. Veterineri akamwambia mizani ikiweza kubeba viazi vyako vilivyooza itaweza kubeba mbwa safi. Kilo thelathini na nane. Akanigeukia mbele ya soko lote, "Hii haiko mbwa, hii iko mutu wa serikali. Unamulishaka nini?" Nilikuwa ninamlisha ugali na mafuta ya samaki, sahani imejaa, kwa sababu nilimwonea huruma. Akasema huruma yangu ndiyo Karani anayoibeba juu ya nyonga kila akitaka kusimama. Akanipa kopo la maziwa la kupimia: moja asubuhi, moja jioni, basi. Nikawa ninaiba. Kipande hapa, kichwa cha samaki pale. Wiki ya kwanza ilipoisha, mizani ilisoma vile vile, naye akaniuliza, "Nani anamusaidia mbwa kula?" Niliapa si mimi. Akaacha tu kuzungumza nami siku mbili, na kunyamaziwa na mtu mnayesikilizana mnapokohoa si mchezo. Nikaacha kuiba.

Alimtoa kwenye saruji, akamtengenezea kitanda cha magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ya migomba, nikaambiwa niyabadilishe kila Jumamosi. Jua likishapanda tulimpeleka ziwani. Si kukimbia, si kucheza: kutembea ndani ya maji mpaka kifuani, kwenda na kurudi, maji yambebe. Yeye alishika kamba, amesimama na buti zake pembeni, akitazama saa. Alikuwa na daftari la shule na kila siku aliandika Karani alichukua dakika ngapi kutoka kufumbua macho hadi kusimama, na kama alisaidiwa. Siku za kwanza ziliandikwa zote "na msaada". Alichemsha pia makongoro ya ng'ombe, akatoa mafuta yote, akampa ule mchuzi mzito. Nilimuuliza kama unasaidia viungo. "Sijue. Lakini haimuumize." Hilo nililipenda. Wengi katika kazi zetu hawajui kusema sijui.

Halafu ukaja mpango wa maji moto.

Watu wote wa huku wanayajua yale maji yanayochemka kando ya ziwa, kule Nyamyumba. Mwenye mgongo, mwenye goti, mwanamke aliyejifungua vibaya, wanakwenda kukaa humo, na wengine wanapika viazi humo humo pembeni. Veterineri akaamua Karani naye aende. Akafunga nyuma ya pikipiki kile kitenga kikubwa cha kubebea viazi, akamweka mbwa ndani, naye mwenyewe amevaa buti zake na suti yake, Jumapili, watu wanatoka misa. Mimi niliwafuata kwa teksi ndogo, nimejifunika kitenge mpaka usoni. Kwa Kinyarwanda kumwita mtu mbwa ni tusi ambalo halisahauliki, na yule bwana alikuwa anampeleka mbwa mwenyewe kuoga na watu.

Nilipofika alikuwa amekwisha kuzuiwa. Bibi mmoja aliyekuwa ameloweka miguu alisimama na fimbo yake.

"Veterineri, hii mbwa inaingia maji yetu?"

Akaondoa kofia. "Mama, magoti inakuuma?"

"Inaniuma tangu zamani."

"Asubui ni mbaya zaidi?"

"Asubui sisimame bila mutu kunishika."

"Na hii, sawasawa vile vile."

Bibi alimtazama Karani, aliyekuwa ameketi upande kama kawaida yake, mguu mmoja ameunyosha asiukunje. Watu wote walikuwa wakimsubiri yeye aseme. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe akaonyesha kwa fimbo mahali maji moto yanapoingia ziwani, chini ya watu wote. "Basi ikae kule chini. Na haitakunywa huku juu."

Hivyo ndivyo Karani alivyopata mahali pake, na kila Jumapili tulikwenda. Jumapili ya tatu yule bibi alituuliza yeye kwanza, "Imesimama?" Tukamwambia bado.

Bado, ndiyo. Alipungua kilo, analala vizuri, analia kidogo, lakini asubuhi bado tulimnyanyua kwa kitambaa chini ya tumbo. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha. Mimi nilianza kuhesabu siku kwa siri, na nilijua naye anahesabu. Ndipo nikagundua alikuwa ameandika barua tangu siku ya kwanza. Katika jarida la Kifaransa la madaktari wa mifugo, alilopewa na padri, alikuwa amesoma kwamba Ulaya wametoa dawa mpya ya maumivu ya viungo, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, si ya watu iliyokatwa vipande. Barua alimwandikia mtu aliyesoma naye shule, ambaye sasa yuko Ubelgiji. Dawa ilikuja mkononi mwa msafiri, ikavuka mpaka kutoka Goma ndani ya soksi.

Mie nilitaka kumpa Karani hapo hapo. Veterineri akaiweka mfukoni. Alitaka kuhakikisha tumbo limepona kabisa, siku nyingi bila alama ya damu. Akaninyooshea kidole tena: na chakula kila mara, dawa nyingine ya maumivu isichanganywe hata tone, akitapika au macho yakiwa manjano tunaacha siku hiyo hiyo. "Haiko muujiza," alisema. "Inapunguza moto ndani ya kiungo ili atembee. Kutembea njo dawa." Ndipo akaanza kumpa, akivikata vidonge kwa wembe kufuatana na kilo za ile mizani ya viazi.

Siku ya ishirini na saba nilifungua mlango wa nyuma, kitambaa cha kumnyanyulia kiko begani. Karani alikuwa amesimama. Miguu ya nyuma inatetemeka, lakini minne yote iko chini, ananitazama kama karani aliyechelewa kuletewa faili. Nilipiga ukuta. Veterineri akaja na daftari, akatazama saa, akaandika. Nililia mbele yake kama mtoto, ingawa alinikataza.

"Mwezi haijaisha," alisema. Akarudi ofisini kwake.

Huyo ndiye mtu niliyemjua. Mtu aliyempigania mbwa hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa akichechemea. Goti lake la kushoto lilivimba kila msimu wa mvua, akipanda pikipiki unamwona anauma meno. Nilimletea dawa, za watu safari hii. Akazirudisha. Nikamwambia akae kwenye maji moto karibu na yule bibi wake, akasema hana nafasi. Nikamwambia basi apunguze kupanda Bugeshi. Akasema, "We uko unanipima sasa? Basi nenda lete gunia." Nilimwita mkaidi, akakubali. Na zile glavu ndefu hakuziacha hata siku moja. Miaka miwili alimshika Karani, akamkunja nyonga, akamnyosha, kwa upole ambao sijauona kwa manesi wetu, na daima kwa glavu. Akimaliza ananawa mpaka kwenye viwiko na kutazama pembeni. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa na mnyama asiyempenda. Akasema mambo ya kupenda tuyaache, tumpe kopo lake la jioni.

Karani aliishi miaka miwili mingine. Si kwamba alirudi kijana. Siku za baridi alichelewa, na mara mbili tulisimamisha dawa tukaanza tena. Lakini alitembea. Watu wa barabara yetu walimzoea kidogo kidogo. Muuza sambaza alianza kupita tena, kwanza kwa mbali, halafu akawa anasimama, akiuliza kutoka hapo alipo kama leo mzee ameamka vizuri. Hakuwahi kumgusa, nami sikutarajia.

Karani alikufa asubuhi, jua limeshatoka. Alitembea mwenyewe mpaka ziwani, akaingia majini, akatoka, akajilaza mchangani kukauka, na nilipomwita hakuinuka. Wakati huo Veterineri alikuwa ametoka tu kuacha kazi, amehamia shambani kwake Kanama. Nilipanda teksi ndogo siku ya tatu yake, nikashukia barabarani, nikauliza watoto. Wakanionyesha.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, akipukuchua maharage, mguu wa kushoto ameunyosha mbele. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwambia Karani amekufa. Aliendelea na maharage kidogo, kisha akauliza, "Asubui ile, alisimama mwenyewe?"

"Alisimama mwenyewe."

"Hukumushika?"

"Sikumshika."

Akaitika kwa kichwa. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kumuuliza habari za goti. Akanikatiza.

"Mwaka ule, kisha vita kwisha, batu walirudi na mbwa zilikuwa mingi mu mji. Zilikuwa zimezoea. Ilibidi zitolewe, kila mutu alijua ilibidi. Wakauliza nani anajua sumu." Alikuwa hanitazami. "Ile nyama, mi njo nilitengeneza. Na mikono hii. Nilikaa pale mpaka zote zimekula. Nyuma ikakuya moja, muzee, nyonga imekufa, inajivuta. Imechelewa. Nyama ilikuwa imebakia kipande. Ningepiga kelele, ingerudi. Ningetupa jiwe tu." Akashika ganda la haragwe, hakulipasua. "Nilingoja ifike."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa na la kufanya. Nilitaka kumwambia aliamriwa, na kwamba kweli ilibidi. Yote yalikuwa sahihi na hakuna lililofaa, na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote mjini, nilikaa pale na machozi yananitoka. Nilimpenda yule mzee. Sikuwahi kumwambia, na siku hiyo pia sikumwambia.

Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kana kwamba nimefika sasa hivi, "Karani, alisimama mwenyewe?"

"Alisimama mwenyewe, Veterineri. Alitembea mpaka majini."

"Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena.